Shahidi wa Tisa

Pale halmashauri walimwita Bi Mashine, na jina hilo hakulichukia. Alipiga taipu kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, kwa kasi iliyowafanya wapita korido wapunguze mwendo wasikilize. Wapiga chapa walikuwa watatu katika chumba kimoja. Meza yake ilikuwa karibu na mlango. Meza ya dirishani ilikuwa ya mwenzake, mwanamke mpole aliyezoea kuimba kwa sauti ya chini huku akipiga herufi. Meza ya tatu ilibadilisha wenyewe kila mwaka, maana hakuna msichana aliyeweza kuuvumilia mdomo wa karani mkuu.

Kazi yake kubwa ilikuwa kumbukumbu za vikao vya madiwani. Siku hizo diwani hakuchaguliwa na mtu. Mwenyekiti wa mji ndiye aliyewateua. Walikutana mlango umefungwa, askari amekaa nje kwenye kiti cha plastiki. Karani mkuu aliandika kwa mkono mle ndani, kesho yake akamletea daftari, naye akapiga nakala tatu kwa karatasi ya kaboni: moja ya faili, moja ya mwenyekiti, moja ya wizara. Ya wananchi haikuwepo.

Asubuhi moja alipiga ukurasa uliohusu uwanja wa shule ya msingi. Uwanja ule, ambao watoto wa mtaa mzima walichezea, ulikuwa unapewa mfanyabiashara ajenge ghala. Daftari lilisema diwani mmoja alihoji kwa nini wakazi hawakuulizwa, na mwenyekiti akajibu kwamba hapakuwa na haja. Bi Mashine akapiga kama ilivyoandikwa. Saa moja baadaye karani mkuu alirudi, daftari mkononi, mstari ule ameukata kwa wino mwekundu.

"Rudia ukurasa huu, mama. Andika: wakazi waliulizwa, wakaridhia."

"Waliulizwa lini, bwana karani?"

"Umeajiriwa kupiga au kuuliza?"

Kule dirishani wimbo ulikatika. Bi Mashine akarudia ukurasa. Ule wa zamani aliambiwa auchane, na kweli akachana nakala mbili vipande vipande. Ya tatu, iliyofifia, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mkoba. Hata yeye hakujua kwa nini. Labda ni kwa sababu binti yake, aliyekuwa na miaka minane, alirudi nyumbani kila siku na vumbi la uwanja ule magotini.

Ng'ambo ya lango la halmashauri palikuwa na kibanda cha fundi saa, mtu mwembamba, mkali wa maneno, aliyejua nani anafika kazini kwa wakati na nani anachelewa. Matrekta yalipoingia uwanjani, Fundi Saa alivua miwani yake ya kukuzia, akavuka barabara, akaomba aonyeshwe kumbukumbu za kikao. Akaambiwa ni siri. Akauliza siri ya nani, na kwa nani. Akatolewa nje.

Ndipo kikaanza kikundi. Walikuwa saba tu, wanakutana Jumamosi mchana katika chumba cha mafunzo ya cherehani, wamekaa kwenye viti vifupi, magoti yamegusa kidevu. Wakajiita Mlango Wazi. Madai yao yalikuwa matatu: mlango wa ukumbi ufunguliwe, kumbukumbu zibandikwe ubaoni, na kila kata imchague diwani wake. Barua yao ya kwanza ilirudishwa kwa kuwa haina muhuri. Wakachonga muhuri. Ya pili ikarudishwa kwa kuwa muhuri hautambuliki. Basi wakaanza kusimama nje ya madirisha ya ukumbi ili wasikilize, na halmashauri nayo ikatundika mapazia mazito. Fundi Saa hakushindwa. Aliandika kumbukumbu zake mwenyewe na kuzibandika kibandani: "Kikao kimeanza saa nne na dakika ishirini, badala ya saa tatu. Kimemalizika saa sita. Tulichoweza kusikia: kicheko, mara tatu. Kilichochekesha: hatujui." Watu walijaa pale kusoma na kuvunjika mbavu, na walipomaliza kucheka waliuliza Jumamosi mnakutana wapi.

Bi Mashine naye alisoma, akipita haraka kama mtu mwenye safari zake. Wiki ya nne alisimama. Akavua saa yake, akaizungushia karatasi iliyokunjwa mara nne, akaipitisha dirishani.

Fundi Saa aliiweka sikioni. "Hii haina ubovu."

"Tazama kilichoifunga."

Akasoma taratibu, kisha akasoma tena. Alipoinua uso hakutabasamu. "Ukiitwa, utasema ni wewe uliyeipiga?"

"Nitasema."

"Mimi sitakutaja. Utajitaja mwenyewe siku ikifika."

"Nimeshasema nitasema."

Siku ilifika kabla ya mwaka kuisha. Kelele za uwanja zilikuwa nyingi, serikali ikaleta tume ya watu watatu, na Fundi Saa akaikabidhi nakala ile. Tume nayo, kwa namna ya kuchekesha kama ingekuwa siku ya kuchekesha, iliamua kusikiliza mlango umefungwa. Mashahidi walipewa namba. Wapiga chapa waliambiwa mmoja wao ataitwa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, akawa yeye: shahidi wa tisa.

Asubuhi ile karani mkuu alisimama mbele ya meza yake. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemjulia hali jirani.

"Ile nyumba ya halmashauri mnayokaa, paa bado linavuja?"

"Bado, bwana karani."

"Pole sana. Na mama mkwe wako yupo pale pale?"

"Yupo."

"Mh. Wazee na unyevunyevu." Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Hayo tu. Baadaye, kwa miaka mingi, Bi Mashine aliyapekua maneno yale akitafuta kitisho ndani yake, na hakukiona. Hakuna aliyemwambia atafukuzwa. Hakuna aliyemwambia aseme hivi au vile. Aliulizwa habari za paa, basi.

Chumba cha tume kilikuwa kidogo, kimefungwa madirisha, kinanuka rangi mpya. Fundi Saa alikaa ukutani, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mwenyekiti wa tume alisukuma ile nakala iliyofifia mezani.

"Shahidi wa tisa. Karatasi hii umeipiga wewe?"

Aliitazama. Aliona mikunjo minne ya mkoba wake. Akafungua mdomo akiwa na neno moja ulimini, na likatoka jingine.

"Hapana."

"Una hakika?"

"Siijui hiyo. Mimi nilipiga ile iliyopo kwenye faili."

Fundi Saa hakupiga kelele. Alimtazama tu, kama mtu anayeitazama saa iliyosimama akingoja aone kama mshale utacheza. Haukucheza.

Tume iliandika kwamba karatasi ilighushiwa. Mwezi haukuisha kabla kibanda cha Fundi Saa hakijavunjwa, na watu waliokuwa wakimletea saa wakaanza kuogopa kuonekana naye. Na wiki ile ile ilipotolewa ripoti, mafundi walikuja kuezeka paa la nyumba ya Bi Mashine. Alikuwa ameliomba paa hilo miaka miwili. Binti yake alirukaruka kitandani kwa furaha kwa kuwa sasa hakuna haja ya kulala na beseni pembeni. Mama mkwe aliwaombea dua watu wa halmashauri. Bi Mashine aliwapikia mafundi chai.

Karani mkuu hakuwa mjinga. Alijua karatasi imetoka chumba cha wapiga chapa, na kwa kuwa wa mlangoni ameapa haijui, akamhamishia wa dirishani kwenye ghala la vifaa, awe anahesabu mafagio na mapipa. Alipokuwa akifunga vitu vyake yule mwenzake alisema, "Sijui nimekosa nini. Wewe unajua?" Bi Mashine akajibu kwamba hajui. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na hiyo hakuulizwa na tume. Aliulizwa na rafiki.

Mlango Wazi haikufa. Ilifika mahali wakabaki watu wanne, lakini waliendelea kukaa kwenye vile viti vifupi kila Jumamosi. Baada ya miaka kumi na moja sheria ya halmashauri ilibadilishwa. Kata zikachagua madiwani, mlango wa ukumbi ukafunguliwa, na ubao wa matangazo ukajaa karatasi ambazo, baada ya wiki mbili za shauku, hakuna aliyezisoma isipokuwa Mlango Wazi. Katika masijala walilikuta daftari la karani mkuu, lile lenye mstari mwekundu. Mji mzima ukajua kwamba karatasi ya Fundi Saa ilikuwa ya kweli. Wakamwandikia barua ya kumsafisha jina. Kibanda hakukirudia, alikuwa ameshazoea kufanyia kazi barazani kwake. Kuhusu nani alikuwa shahidi wa tisa, kumbukumbu za tume zilisema "mpiga chapa" na zikaishia hapo. Karani mkuu alikuwa ameshafariki. Fundi Saa hakusema.

Bi Mashine alifanya kazi mpaka akastaafu, akapewa cheti chenye fremu. Tangu mlango wa ukumbi ufunguliwe hakuwahi kuingia kusikiliza kikao hata kimoja. Akiulizwa, alisema miguu inamsumbua. Na kama vile maisha yana mzaha wake, binti yake, aliyekuwa sasa mwalimu wa jiografia, alijiunga na Mlango Wazi, akawa katibu. Kila aliporudi kutoka mkutanoni na kuanza kumsimulia mama yake nani kasema nini, mama alikumbuka kuna sufuria jikoni.

Kikundi kilipokaribia miaka ishirini na mitano, katibu akapewa kazi ya kuandika historia yake. Alifanya utafiti mwaka mzima. Alasiri moja akaja na bahasha nene.

"Mama, nisomee. Wewe ndiye unayejua koma zinakaa wapi."

Bi Mashine akavaa miwani, akachukua penseli. Binti alikuwa anaandika vizuri, na kwa kurasa thelathini mama alijisahau kabisa, akacheka hata kwa habari ya mapazia. Kisha akafika pale. "Ndani ya masijala," binti aliandika, "palikuwa na mtu jasiri aliyeitoa nakala ile. Jina lake hatutalijua, lakini chama hiki ni mtoto wake." Na ukurasa uliofuata: "Shahidi wa tisa alikula kiapo na kusema uongo. Kwa kuwa mpiga chapa wa meza ya dirishani alihamishiwa ghalani mara tu baada ya tume, inaelekea ndiye aliyetumiwa kisha akatupwa. Mama huyo sasa ni marehemu."

Penseli ikamdondoka. Mwenzake alikuwa amezikwa miaka minne nyuma. Bi Mashine alienda mazikoni, akakaa mstari wa mbele pamoja na ndugu.

Siku tatu alisahihisha koma za kitabu kizima isipokuwa ukurasa ule. Siku ya nne akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa Fundi Saa.

Alimkuta barazani, mbele yake meza yenye visahani vya vijigurudumu, mikono imetulia juu ya mapaja. Macho yalikuwa yamemwishia. Kazi sasa aliifanya mpwa wake mjini, na yeye alibaki na vifaa.

"Nani?"

"Ni mimi. Wa halmashauri." Akaona haitoshi. "Shahidi wa tisa."

Mzee akasema, "Miaka ishirini na minne kuvuka barabara moja. Kaa basi."

Akakaa. Akamweleza habari za kitabu, na kosa lililomo.

"Na wewe unataka nini kwangu? Niseme mimi?"

"Hapana. Nataka kujua kwa nini hukunitaja."

"Mwanzoni ningemtajia nani? Nilishaitwa mghushi. Mghushi akisema fulani amedanganya, nani atamwamini?" Alipapasa kisahani, akakisogeza. "Baadaye, daftari lilipoonekana, nilikuwa nishakuahidi. Nilisema sitakutaja, utajitaja mwenyewe. Nikasema, ngoja nione atachukua muda gani. Nilidhani mwezi."

Bi Mashine alitazama sakafu. Angeweza kuingia chini yake angeingia.

"Nilikuwa na hasira, nisikudanganye," mzee aliendelea. "Mke wangu alikuwa akiniambia, yule mama alikuwa na mtoto, alikuwa na mkwe. Nikamwambia na mimi nilikuwa na watoto. Kisha hasira ikachoka. Haikuisha, ilichoka."

"Naomba unisamehe, kaka."

"Nenda kaandike. Lakini usiandike kwamba nimekusamehe. Sijasema hivyo. Ukiandika hivyo utakuwa umenipigia taipu neno ambalo sikulisema."

Jioni ile ile alimwita binti yake, akamwambia akiwa amesimama, maana alijua akikaa hatasema. Alimwambia kwa mpangilio: karatasi, mkoba, saa, ahadi, swali la paa, neno "hapana". Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama ya mtoto:

"Paa lile? La chumba changu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nawahadithia wanafunzi wangu habari za paa lile, mama. Siku ya furaha kuliko zote utotoni." Akazikusanya kurasa zake, zikawa haziingii kwenye bahasha, akazibeba hivyo hivyo kifuani. "Kila Jumamosi nakuaga naenda Mlango Wazi, na wewe unaniambia nenda salama."

"Mwanangu..."

"Usiniite sasa hivi. Niache kwanza."

Bi Mashine hakungoja binti amsemee. Jumamosi iliyofuata alienda mwenyewe kwenye mkutano, ambao sasa ulifanyika katika chumba kimoja cha ukumbi wa halmashauri, watu sitini na zaidi kwenye viti vya kawaida. Alikuwa amepiga ukurasa mmoja. Akamwomba mwenyekiti nafasi, akausoma bila kupamba. Binti yake, kwa kuwa ndiye katibu, alikuwa anaandika kumbukumbu. Aliandika kila neno la mama yake bila kuinua kichwa.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na hilo alilishukuru. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba ilikuwa zamani, mama amezeeka, yaishe. Mwingine akasema yasiishe, mbona kibanda kiliisha. Ndipo akasimama mwanamke aliyekaa karibu na dirisha, na Bi Mashine alimtambua kwa sauti kabla ya sura, kwa sababu ilikuwa sauti ya marehemu mama yake, yule mwimbaji wa meza ya dirishani.

"Mama yangu alikaa ghalani miaka sita," alisema. "Alirudi nyumbani anakohoa. Watu walimuuliza, ni wewe uliyetoa karatasi? Alikuwa akijibu, ningependa niwe mimi, lakini sina moyo huo. Kila sikukuu alinituma nikuletee sahani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulikuwa unanipa peremende."

Bi Mashine alitaka kusema kitu, chochote. Yule mwanamke alimngojea kwa heshima, kama anavyongojewa mtu mzima, kisha akakaa.

Wanachama walipiga kura. Ukurasa uingie kitabuni kama ulivyo, na yale ya marehemu yafutwe na familia iombwe radhi kwa maandishi. Wengine walitaka mwandishi naye abadilishwe, kwa kuwa ni damu yake. Kura zilipohesabiwa, binti alibaki kwa tofauti ya kura nne tu. Aliandika hata hilo.

Wiki mbili hakuonekana nyumbani. Wiki ya tatu, Jumapili asubuhi, Bi Mashine alisikia mlango unafunguliwa bila hodi. Binti aliingia na bahasha, akaketi mezani, akatoa kalamu. Salamu ilikuwa fupi.

"Nimekwama mahali," alisema akitazama karatasi. "Yule mtu jasiri aliyetoa nakala, na shahidi wa tisa. Niwaweke katika sura moja au sura mbili?"

Bi Mashine alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza. "Moja," alisema. "Ni mtu mmoja."

Wakafanya kazi mpaka mchana bila kuzungumza jambo jingine. Binti alikunywa chai aliyowekewa, lakini hakuomba ya pili kama alivyozoea.

Kitabu kimetoka, kina jalada la kijani. Fundi Saa alisomewa na mpwa wake, na aliposikia sura ile alisema tu kwamba tarehe ya kuvunjwa kibanda imekosewa kwa siku mbili. Imerekebishwa kwa kalamu katika nakala zote mia tatu, na aliyezirekebisha, moja baada ya nyingine, ni Bi Mashine. Watu wengi bado humsalimia sokoni. Wengine humpongeza kwa ujasiri, na hao ndio anaowakwepa zaidi. Akiwaona kwa mbali hugeuka kama aliyesahau kitu nyumbani, akapitia njia ya nyuma, uso umemwiva kwa aibu.